Sura ya Tano: Daraja ni Letu, Mbona Tunalipia Kuvuka?

"Mzee wangu, hela ya getini ni yako au yangu?"

Swali hilo niliulizwa na kijana wa bodaboda pale Kurasini, kabla hajawasha pikipiki. Nilikuwa nakwenda Kibada, ng'ambo ya Daraja la Nyerere, ambalo watu wengi bado wanaliita Daraja la Kigamboni. Nauli tulikuwa tumeshapatana, nikadhani mambo yamekwisha. Nikamwambia pikipiki ni yake, na geti linatoza chombo, kwa hiyo alipe yeye. Akacheka. Sawa, akasema, ila nauli basi si ile. Nimwongezee mia tano. Tukavutana kidogo juani, mwisho nikaongeza mia tatu, akanipa kofia ngumu yenye kamba iliyokatika, tukaondoka. Getini alilipa yeye. Ukimuuliza mhudumu wa geti, mlipaji alikuwa dereva. Ukiuliza mfuko wangu, utasikia habari nyingine.

Nimeanza na safari hiyo kwa sababu imebeba swali ambalo naulizwa kila ninapozungumza na watu juu ya kodi, iwe kijiweni au kwenye semina ya walimu: "Daraja ni la serikali, serikali inaendeshwa kwa kodi yangu, sasa mbona nalipia tena kuvuka?" Wengine hulisema kwa barabara, wengine kwa maji ya bomba, wengine kwa treni ya umeme ya Dar es Salaam kwenda Dodoma. Ni swali halali. Tatizo ni kwamba wanaolijibu mara nyingi wanakasirika kabla hawajahesabu.

Hebu tuhesabu.

Pesa ya daraja ilitoka wapi?

Kabla ya daraja, mtu wa Kigamboni alikuwa na njia mbili za kufika mjini. Ya kwanza ni pantoni ya Magogoni: unasubiri, unabanana na baiskeli na matenga ya samaki, unavuka. Ya pili ni kuzunguka kwa barabara kupitia Kongowe na Mbagala, safari ya kukumalizia asubuhi yote. Mwanzoni mwa 2012 nauli ya pantoni ilipopandishwa kutoka shilingi 100 hadi 200, wananchi walilalamika sana. John Magufuli, wakati huo Waziri wa Ujenzi, akawaambia wasiotaka kulipa wapige mbizi. Kauli hiyo ilimfuata miaka mingi. Aprili 2016, akiwa sasa Rais, ndiye aliyekuja kufungua daraja lenye urefu wa mita 680, njia sita, lililoning'inizwa kwa nyaya.

Ujenzi uligharimu takriban shilingi bilioni 214. Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF, ulibeba asilimia 60 na serikali asilimia 40.

Watu wengi hupita haraka juu ya mgawanyo huo, na ndipo jibu lilipo. Pesa ya NSSF haikutokana na kodi. Ni michango ya wafanyakazi: asilimia 20 ya mshahara, sehemu ikitoka kwa mwajiriwa na sehemu kwa mwajiri, inayowekwa ili mtu akizeeka awe na pensheni. Fikiria mama anayefunga minofu ya samaki kiwandani Mwanza. Kila mwezi anakatwa. Pengine hajawahi kuliona daraja hilo na hana ndugu Kigamboni, lakini pesa yake iko ndani ya zege lile. Hakuitoa kama sadaka. Imewekezwa, maana yake imetumwa kazi ili irudi na chochote juu yake.

Akina mama wa vikoba wanalielewa jambo hili kuliko wachumi wengi. Wanachama wakichanga, mmoja akakopa akafungua duka la vitenge, halafu mtaa mzima ukapaza sauti kwamba asamehewe marejesho kwa kuwa duka lake linasaidia jamii, nani anaumia? Wanachama, siku ya kugawana. Geti la Kigamboni ndiye yule dada wa kikoba anayepita na daftari kukusanya marejesho. Humpendi, lakini anakusanya kwa niaba ya watu.

Walipaji ni watatu

Kila kitu cha umma, kuanzia daraja hadi kisima cha kijiji, kinaweza kulipiwa na mmoja au zaidi kati ya hawa:

1. Mtumiaji. Anayevuka, anayesafiri, anayechota. Malipo yake tunayaita tozo au ada: unalipa kwa sababu umetumia.
2. Mlipa kodi wa leo. Kodi ni malipo ya lazima yasiyofungwa kwenye huduma fulani. Unalipa hata kama hujaugua wala huna mtoto shuleni.
3. Mlipa kodi wa kesho. Serikali ikikopa leo, mkopo na riba yake vitalipwa kwa kodi za miaka ijayo.

Utasema kuna wa nne, mfadhili. Yupo, na kuna zahanati nyingi zenye kibao cha jina lake. Lakini kwa kazi kubwa za reli, mabwawa na bandari, anayeitwa mfadhili magazetini mara nyingi ni mkopeshaji. Ana masharti nafuu pengine, ila marejesho yako palepale.

Kwa hiyo mtu anaposema "daraja liwe bure", anachosema kwa kweli ni kwamba mlipaji wa kwanza aondolewe na mzigo wahamishiwe wa pili au wa tatu. Inaweza kuwa hoja nzuri. Tungegawa zile bilioni 214 kwa watu waliohesabiwa kwenye sensa ya 2012, karibu milioni 45, kila mmoja angetoa chini ya shilingi 5,000, mara moja tu, na geti lisingekuwepo. Hapo wapo wanaosema: ona, kitu kidogo tu! Wengine wanauliza kwa nini mkulima wa korosho wa Namtumbo atoe hiyo elfu tano kwa daraja la Dar es Salaam wakati yeye mwenyewe anavuka mto kwa mtumbwi.

Nimesikia mabishano haya mara nyingi, na kila upande una lake. Wa daraja la bure husema korosho ya Namtumbo nayo itapita mjini, na mji unaopitika unanufaisha nchi. Wa tozo husema anayetumia kila siku atoe zaidi ya asiyetumia kabisa. Kipimo changu ni kimoja: je, mtu ana njia nyingine? Nairobi ilipojengewa barabara ya juu ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ikafunguliwa 2022, ilijengwa na kampuni ya Kichina itakayokusanya malipo ya wapitao kwa miaka 27 kabla ya kuikabidhi. Lakini chini yake barabara ya zamani ya Mombasa ipo, bure, na matatu zinapita huko. Anayelipa juu ananunua haraka. Kigamboni ni tofauti. Njia ya bila malipo ni ule mzunguko wa Kongowe, na pantoni nayo ina nauli. Mtu asiye na njia nyingine hanunui haraka, analipia kufika kazini tu. Ndiyo maana kilio cha Kigamboni kilikuwa na uzito kuliko cha wenye magari wa Nairobi, na mwaka 2022 serikali ilipunguza viwango vya tozo darajani.

Sasa uliza swali la pili ambalo halikuulizwa sana siku zile za shangwe: pengo lile la tozo iliyopunguzwa linabebwa na nani kati ya wale watatu?

Anayetoa sarafu na anayeumia

Tumrudie kijana wa bodaboda. Sheria ya geti inasema mlipaji ni mwenye chombo. Kilichotokea ni kwamba tuligawana, mimi nikabeba mia tatu na yeye akabeba sehemu iliyobaki. Kama ningekuwa na haraka zaidi, ningebeba yote. Kama pangekuwa na bodaboda kumi zinazogombania abiria mmoja, angebeba yote yeye. Sheria humtaja mtoa sarafu. Anayeumia hutajwa na soko.

Kodi ya Ongezeko la Thamani, VAT, ndiyo mfano mkubwa. Tanzania Bara ilianza 1998, na kwa miaka mingi kiwango chake kimekuwa asilimia 18. Inawekwa juu ya bei ya bidhaa na huduma nyingi, ingawa vyakula visivyosindikwa kama mahindi na maharage vimeachwa nje. Ukinunua sabuni na mafuta ya kupaka kwa shilingi 1,180, humo ndani mna 180 za kodi. Mwenye duka ndiye anayezipeleka Mamlaka ya Mapato na ndiye anayeonekana kwenye vitabu. Wewe uliyetoa 180 unatoka dukani ukisema hulipi kodi kwa kuwa huna ajira.

Hapa ndipo mjadala wa kodi nchini kwetu unapopinda. Kuna wasomi wanaopenda kusema kwamba walipa kodi ni wachache, kana kwamba waliobaki wamebebwa mgongoni. Waliosajiliwa ni wachache, hilo kweli. Wanaolipa ni kila anayenunua sabuni, kila anayepanda daladala inayotumia dizeli, kwa sababu kila lita ina tozo yake ndani. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa lita, pesa iliyoelekezwa kwenye barabara za mijini na vijijini zinazosimamiwa na TARURA. Bibi aliyepanda daladala kwenda kliniki alichangia barabara hizo, hata kama hakuambiwa na mtu.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa LUKU, ule umeme wa kulipia kabla. Agosti 2021 kodi ya majengo ilihamishiwa kwenye umeme: nyumba ya kawaida shilingi 1,000 kwa mwezi, ghorofa shilingi 5,000 kwa kila sakafu. Miaka miwili baadaye viwango hivyo vikapanda hadi 1,500 na 7,500. Kwa ukusanyaji ni ujanja mkubwa, kwani kumsaka mwenye nyumba mmoja mmoja na karatasi kulikuwa kazi ya kuchosha, na umeme kila mtu ananunua. Ila kodi ya majengo ni ya mwenye jengo. Anayenunua umeme Manzese au Buguruni mara nyingi ni mpangaji. Anaingiza elfu tano kwenye simu, uniti zinakuja pungufu, anafikiri mita imeharibika. Kwenye nyumba yenye vyumba sita na mita moja, anayeingia hasara ni yule ambaye zamu yake ya kununua umeme imeangukia mwanzo wa mwezi. Serikali ilieleza kwamba wapangaji wapatane na wenye nyumba warudishiwe. Jaribu kumwambia mwenye nyumba wako akupunguzie elfu moja na mia tano kwenye kodi ya chumba, uone atakavyokutazama.

Watu nao si mawe. Ukiwatoza mahali fulani, wanahama. Julai 2021 ilipokuja tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi, wengi walirudi kwenye bahasha na kondakta wa basi. Wafanyabiashara wakawa wanatembea tena na maburungutu kiunoni. Miezi miwili haikuisha, serikali ikapunguza kwa asilimia 30, na baadaye ikapunguza tena.

*Kwa ufupi: usiangalie jina la kodi wala mkono ulioitoa. Tazama bei ya nani imepanda, au mshahara wa nani umepungua, baada ya kodi kuanza.*

Si wachape pesa tu?

Hili nalo huulizwa, na si na watoto peke yao. Benki Kuu inachapa noti, kwa nini isichape za kutosha kujenga kila kitu?

Ukichapa noti huongezi mahindi. Kama mjini mna magunia mia na watu wana pesa mara mbili, watayagombania magunia yaleyale mia. Bei inapanda, na aliyekuwa na akiba ya laki moja chini ya godoro anakuta imekuwa nusu bila mwizi kuingia. Huo ndio mfumuko wa bei. Walioishi Tanzania ya miaka ya 1980, ambapo katika baadhi ya miaka bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 30, wanakumbuka foleni za sukari na mshahara uliokwisha tarehe tano. Sababu zilikuwa nyingi, vita na mafuta vikiwemo, lakini serikali kutumia kuliko ilivyokusanya ilikuwa mojawapo. Kuchapa ni kodi isiyopita bungeni, na inamkamata kwanza mwenye noti, yaani maskini, kwa sababu tajiri mali yake iko kwenye viwanja na dola.

Mlipa kodi wa kesho ana sura

Kukopa kwa ajili ya kitu kitakachodumu miaka hamsini si dhambi. Daraja litakalotumiwa na wajukuu, si vibaya wajukuu wakachangia. Tatizo la mlipaji wa tatu ni kwamba siku ya kusaini mkataba hayupo mezani. Wakati mwingine hajazaliwa.

Tazama Kenya. Mwaka 2014 nchi hiyo ilikopa sana: Juni iliuza hati fungani za dola bilioni 2 kwenye masoko ya nje, na mwaka huohuo ikakamilisha mikataba ya mkopo wa reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi. Hati fungani ni karatasi ya ahadi: nipe pesa leo, nitakulipa riba kila nusu mwaka, na tarehe fulani nitakurudishia yote. Reli iligharimu takriban shilingi za Kenya bilioni 327, asilimia 90 zikitoka Benki ya Exim ya China. Treni ya abiria ilianza mwishoni mwa Mei 2017, na kwa abiria ni raha tupu. Nimeipanda. Unakunywa chai ukitazama tembo wa Tsavo.

Lakini mkopo wa reli haulipwi na nauli za abiria peke yake. Unataka mzigo, na mzigo wa Mombasa ulikuwa umezoea matrela. Ili reli ipate mzigo, serikali iliagiza makontena yapelekwe Nairobi kwa treni, yakakaguliwe huko. Hapo akatokea mlipaji ambaye hayumo kwenye orodha yangu ya watatu. Madereva wa matrela na mataniboi wao walikosa safari. Maghala na ofisi za uwakala wa forodha Mombasa zikapoa. Njiani, kwenye miji kama Mariakani na Mtito Andei iliyoishi kwa malori yanayolala, mwenye hoteli aliyekuwa anachinja mbuzi wawili kwa siku akawa anauza kilo. Fundi wa pancha akabaki amekaa juu ya tairi lake. Hakuna aliyewatoza shilingi hata moja, ila deni lilianza kulipwa kwa biashara yao. Watu waliandamana Mombasa, na Septemba 2022 Rais William Ruto, siku ya kuapishwa kwake, alitangaza kurudisha shughuli za kutoa mizigo Mombasa.

Kisha ikaja 2024. Sehemu kubwa ya pesa za hati fungani zile za 2014 ilitakiwa irudishwe Juni mwaka huo. Kenya ilipata pesa kwa kuuza hati fungani mpya mwezi Februari, kwa riba ya asilimia 9.75, kali kuliko ya mwanzo. Bajeti ilipokuja, muswada wa fedha ulipendekeza, pamoja na mengine, VAT ya asilimia 16 kwenye mkate. Vijana wakaingia barabarani. Juni 25 walifika hadi ndani ya Bunge, watu wakauawa kwa risasi, na siku iliyofuata Rais akatangaza hatausaini muswada huo.

Wengi wa vijana wale walikuwa na miaka ishirini na kidogo. Piga hesabu: 2014 walikuwa shule ya msingi, na kaptula zao. Mlipa kodi wa kesho ndio wao. Kesho ilifika, wakaambiwa bei ya mkate itapanda, wakauliza pesa ilikwenda wapi. Kwangu mimi hilo halikuwa swali la watu wasiotaka kulipa kodi. Ni swali la mtu aliyeletewa bili ya karamu aliyokuwa amelala inapoliwa.

*Kwa ufupi: mkopo mzuri ni ule ambao kitu kilichojengwa kinaingiza, au kinaokoa, zaidi ya riba yake. Ukilazimika kuwalazimisha watu wakitumie ili mkopo ulipike, hesabu za mwanzo zilikuwa na matumaini mengi.*

Bili inayokuja baada ya utepe

Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Kwa mikopo, ule ulikuwa mkopo wa ndoto. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ilibeba zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka. Kufika 2014/15 ilikuwa haifikishi tani laki moja. Vichwa vya treni vilikuwa vimechakaa, mabehewa yalikuwa yamepungua, njia ilikuwa na vipande ambavyo treni ilipita kwa mwendo wa baiskeli. Mkopo haukuiua reli ile. Kilichoiumiza zaidi ni kilainishi, mataruma na vipuri ambavyo havikununuliwa kwa wakati wake, mwaka baada ya mwaka.

Matengenezo hayana utepe. Hakuna waziri aliyewahi kuita bendi kwa ajili ya kuzibua mtaro. Na adui wa lami ni maji: mtaro ukijaa chupa za plastiki, maji ya mvua yanapanda barabarani, yanaingia kwenye ufa mwembamba kama unywele, malori yanakanyaga, na baada ya masika mawili ufa umekuwa shimo la kutosha kulaza mbuzi. Kuziba ufa ni ndoo ya lami na vijana wanne. Kujenga upya kipande kile ni zabuni. Siwezi kuapa kwamba wapo wanaosubiri zabuni, ila nimeishi mjini muda wa kutosha kujua ndoo ya lami haina posho ya safari.

Mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam yalianza Mei 2016 kwenye njia ya Kimara, na karakana yao ikajengwa Jangwani, bondeni mwa Msimbazi. Kila mzaliwa wa Kariakoo anajua bonde lile linavyojaa. Mvua kubwa zikaja, maji yakaingia karakanani, mabasi yakaharibika, njia ikafungwa tena na tena. Kila basi lililozama ni pesa iliyolipwa mara mbili.

Ndiyo maana kwenye kila bajeti ninayoisoma natafuta fungu la matengenezo kabla ya orodha ya miradi mipya. Bajeti ya Tanzania ya 2024/25 ilikuwa shilingi trilioni 49.35. Namba hiyo haikai kichwani, kwa hiyo igawe kwa Watanzania milioni 61.7 wa sensa ya 2022: karibu shilingi laki nane kwa kila mtu kwa mwaka, yaani kama 2,200 kwa siku. Humo mna mwalimu, dawa, askari, riba ya madeni, na yapata theluthi moja ndiyo ya maendeleo. Kwa 2,200 unapata sahani ya wali maharage kwa mama ntilie. Ukiitazama hivyo, unaelewa kwa nini kila daraja jipya linatoka kwenye sahani ya kitu kingine.

Mtu ambaye hajavuka

Nimemaliza kuhesabu walipaji. Kabla ya kufunga sura, tuhesabu waliofaidika, maana kwenye ubishi wote wa tozo ya Kigamboni kuna mtu mmoja anayekaa kimya.

Daraja linapofunguka, ardhi ya ng'ambo inapanda bei. Shamba la minazi la Kibada ambalo zamani mtu aliliona kama kijijini linakuwa dakika chache kutoka bandarini. Mwenye shamba hakumwaga zege wala hakukatwa mshahara kwa ajili yake. Alikuwa na hati, au karatasi ya serikali ya mtaa, akakaa. Bodaboda anayevuka mara kumi kwa siku analipa geti mara kumi. Mwenye viwanja ishirini halipi geti, na kodi ya pango la ardhi anayodaiwa kila mwaka ni ndogo mno ukiilinganisha na kilichoongezeka kwenye thamani ya kiwanja. Nchi nyingine hujengea reli za mijini kwa kuchukua sehemu ya ongezeko hilo. Hong Kong imefanya hivyo kwa miaka mingi: shirika la reli linapewa haki ya kuendeleza ardhi iliyozunguka vituo, na faida ya majengo inagharimia njia. Sisi tumeng'ang'ania geti kwa sababu geti ni rahisi kulijenga.

Siku ile nilikuwa nakwenda Kibada kuangalia kiwanja cha mdogo wangu. Dalali alitupokea na futi kamba begani na viatu vyenye vumbi jekundu. Kiwanja chenyewe kilikuwa na mwiba na kichuguu kimoja. Akataja bei, nikashtuka.

"Mzee, hii bei imezingatia daraja," akasema, akielekeza mkono kaskazini kana kwamba linaonekana kutoka pale.

Nikamuuliza mwenye kiwanja ni nani, nizungumze naye tushushane.

"Mwenyewe yuko Mbezi," akasema. "Huku hajafika tangu daraja lifunguliwe. Ananiambia geti lile ni ghali."